Godoro la 5 kwa 6 nililolikata vipande vitatu badala ya kununua jipya

Mi siyo fundi, nauza maandazi Mbagala, naamka saa 10 alfajiri kwa hiyo usingizi wangu ni mfupi na sitaki mchezo nao. Godoro letu ni la sponji, futi 5 kwa 6, unene inchi 8, na lilikuwa limeshafanya bonde katikati, yani ukiweka embe ukingoni linabingirika lenyewe mpaka kwa mume wangu, Baba Nasra. Kila asubuhi kiuno kimekaza, najivuta kama bibi kizee wakati hata 40 sijafika.

Nikaanza na dukani maana walituambia waranti miaka 10. Jina la duka naliacha. Nimetoa risiti kwenye kabati, ile ya mashine ya EFD, karatasi nyeuupe, maandishi yote yameyeyuka, jamaa akaigeuza geuza akanirudishia akasema "mama hii siyo risiti tena". Nikauliza jipya la saizi ile ile shilingi ngapi, laki 3 na 20. Nikaaga. (Risiti za hivyo pigeni picha siku ile ile mnayonunua, maandishi yake hayakai.)

Shemeji ndo akanipeleka Keko kwa mafundi sofa, nikiwa na nia ya kununua sponji nyembamba nitandike juu basi. Fundi akaniangalia akauliza, "Dada, chaga za kitanda ziko ngapi?" Nikamwambia shida yangu ni godoro bwana siyo kitanda. Akacheka. "Nenda kazihesabu kwanza afu ndo urudi, sponji haikimbii."

Kufika nyumbani tunainua godoro, chaga 7, moja imepasuka na mbili zimepinda kama upinde, nafasi kati ya moja na nyingine kiganja changu chote kinapita na vidole vinabaki. Sponji ilikuwa inazama mle katikati ya mbao kila usiku miaka yote hiyo. Nikavuta uzi kutoka ukingo hadi ukingo juu ya godoro, nikapima kwa futi kamba kutoka kwenye uzi kwenda chini, inchi 2 na nusu. Tukaongeza chaga 6 mpya na kubadili zile mbovu, tukapima tena, inchi 1 na nusu. Sikuamini, yani inchi nzima ilikuwa ni kitanda! Kwa hiyo kama unasoma hapa na godoro lako limebonyea, kabla hujatoa hata mia, inua uangalie chini, na ukitaka kuhakikisha lilaze sakafuni lala siku mbili, likiwa sawa sakafuni mwenye kosa ni kitanda.

Ila inchi 1 na nusu bado ni bonde. Bibi yangu Tanga alikuwa na godoro la sufi, kila baada ya muda analifumua, sufi inamwagwa kwenye mkeka juani, watoto tunachambua madonge mpaka inafura tena, jioni inarudishwa na kushonwa kwa shazia, ile sindano kubwa. Sponji haina hiyo dawa. Ndani ni vijumba vidogo vidogo vya hewa, kuta zake zikishachoka zimechoka, jua halizirudishi, na ukiianika uchi muda mrefu ndo inageuka njano na kuanza kumeguka. Kwa hiyo kilichobaki ni kuhamisha, pale palipochoka pakae mahali pasipolaliwa sana.

Na hiyo ndo akili niliyopewa Keko, naona ni ya dhahabu. Godoro lina urefu wa inchi 72, unaligawa mara tatu, inchi 24 za kichwani, 24 za kiunoni, 24 za miguuni. Miguuni pamelaliwa na nyayo tu, pako kama siku ya kwanza. Unakata, cha miguuni unakileta kiunoni, cha kiunoni kinakwenda miguuni. Basi! Kichwani hugusi.

Kava letu lina zipu pande tatu, tukalivua. Nikachora mistari kwa maka peni, Baba Nasra akakandamiza ubao pembeni ya mstari, mi nakata kwa kisu cha mkate kile chenye meno, mivuto mirefu bila kusukuma. Juu mstari umenyooka safi kabisa, kugeuza chini naona nimeenda mshazari karibu inchi nzima. Chora mistari juu NA chini, afu kata nusu huku nusu kule, hilo sikuambiwa na mtu nimelijua kwa kuharibu. Ule mwanya ukaja kuzibwa na vipande vidogo vya sponji.

Gundi tulinunua ile ya njano ya mafundi sofa. Inapakwa pande zote mbili nyembamba, unasubiri mpaka ukigusa inavuta kidole lakini haibaki kidoleni, ndo unakutanisha, na ukikutanisha hakuna kurekebisha tena, imeshika. Mimi nilipaka kama napaka siagi. Matokeo yake ikakauka ikawa mfupa, mstari mgumu unapita kiunoni, ukilala unausikia kama umelalia kamba ya kuanikia. Halafu harufu yake siyo ya kawaida, fanyeni nje na jiko liwe mbali kabisa maana inashika moto haraka, sisi tulililaza uani siku nzima na bado usiku wa kwanza na wa pili tukalala kwa watoto.

Ule mfupa ndo ukanirudisha Keko kununua sponji ya inchi 2 ya kutandika juu yote. Hapo fundi alinifundisha kitu, akanipa vipande viwili vya saizi moja nivishike, kimoja chepesi kama mkate wa boflo kingine kina uzito wake, akasema bei imetofautiana kwa sababu hiyo, densiti, kizito ndo chenye maisha. Nikachukua kizito. Kurudi nayo kwa boda imekunjwa imefungwa kamba mgongoni kwangu, upepo wa Kilwa Road ulitaka kutupaisha mimi na sponji yangu, dereva ananiambia "mama inama!" watu kituoni wanacheka.

Sasa juu inchi 2 zimeongezeka, kava halifungi. Hili nalaumu akili yangu, mtu yeyote angejua 8 na 2 ni 10. Zipu imeishia njiani na kusukuma haisaidii. Nikachana shuka la zamani ukanda wa inchi 3, nikalishona kati ya zipu na kava kwa shazia ya bibi, ambayo kumbe bado ninayo. Mshono wangu umepinda kama njia ya mbuzi lakini shuka linafunika, nani ataona. Ningechukua sponji ya inchi 1 huenda ningejiepusha na yote haya.

Hesabu: chaga elfu 15, gundi elfu 7, sponji elfu 55, boda elfu 4. Jumla elfu 81. Na ugomvi mmoja wa ndoa.

Maksi zangu. Chaga 10 kati ya 10, ningeishia hapo ningekuwa nimepata nusu ya faida yote kwa elfu 15. Kuhamisha vipande 8. Sponji ya juu 7. Gundi 4, na hizo 4 nawapa watengenezaji, mimi mpakaji napata 0. Kwa godoro la springi msijaribu hii, kule ndani ni waya. Na kama lako lina kunguni, au mikojo ya watoto imeshaingia mpaka ndani, au ukilichana linapukutika chenga chenga, hakuna cha kukata hapo, elfu 81 itaenda na maji. Bonyeza ngumi uachie, ikirudi yenyewe lina uhai, shimo likibaki linakuangalia basi ndo hivyo tena.

Leo ni mwezi wa 7 tangu tulikate. Jana nimevuta uzi tena, nusu inchi. Kiuno kimetulia, maandazi naumua nimesimama wima. Baba Nasra analalamika upande wake ndo umekuwa mgumu kuliko wangu, nikamwambia haya tubadilishane, kakataa.