Dune, I, Robot na wenzake: jina la kitabu limo, kitabu hakimo

Ukiingia duka la kuwekea muvi, liwe la Majengo mjini Dodoma au la Ng'ong'ona kwa wanachuo wa UDOM, ukaomba muvi za kisayansi zilizotokana na vitabu, flashi yako itarudi na zilezile: Dune, I, Robot, I Am Legend, World War Z, The Time Machine. Vitabu nimevisoma na muvi nimezitazama, na kwa aliyesoma kitabu nyingi hazistahili hata nafasi kwenye flashi. Kufupisha nawasamehe, maana riwaya nene haiingii yote kwenye saa mbili. Nisichowasamehe ni kung'oa ile kanuni moja inayoendesha hadithi nzima, wakabakiza majina na mavazi.

Anza na Dune ya David Lynch ya 1984, dakika 137. Riwaya ya Frank Herbert ya 1965 imesimama juu ya maji. Sayari ya Arrakis haina mvua. Wenyeji wake, Wafremen, huvaa suti inayonasa jasho na mkojo, ikavichuja na kurudisha maji kwenye mrija wa kunywea, na hata maiti hukamuliwa ili maji yake yarudi kwa kabila. Minyoo mikubwa ya mchangani ndiyo asili ya spaisi, bidhaa ambayo bila yake vyombo vya anga haviendi popote. Na kwa minyoo hiyo maji ni sumu: mnyoo mdogo ukizamishwa unakufa, na majimaji unayotoa ukifa ndiyo yanayoitwa Maji ya Uhai. Kwa hiyo mvua ikishuka kila mahali, minyoo inakwisha, spaisi inakwisha, himaya nzima inasimama. Wafremen wanalijua hilo, ndiyo maana mpango wao wa kuotesha mimea ni wa miaka 300 hadi 500, tena unaacha sehemu ya jangwa kwa ajili ya minyoo.

Sasa Lynch anamaliza muvi kwa kunyeshea mvua papo hapo, watu wanashangilia. Sisi wa Dodoma tunaijua furaha ya mvua ya kwanza ya Desemba, lakini mvua ile ni sawa na kuchoma shamba la mtama siku ya kuvuna. Halafu zile silaha zinazogeuza sauti kuwa kombora hazimo kitabuni. Kilichomo ni mbinu ya kupigana ambayo Paul, stelingi wa hadithi, anafundishwa na mama yake. Ukikuta faili la saa tatu hivi, hilo ni toleo la televisheni, ambalo Lynch mwenyewe aliondoa jina lake. Usidhani limerekebishwa.

Za Denis Villeneuve, ya 2021 (dakika 155) na ya 2024 (dakika 166), chukua zote mbili kwa pamoja, kwa sababu ya kwanza inaishia katikati ya kitabu. Humo maji yana uzito wake. Stilgar, kiongozi wa Wafremen, anapotema mate mezani mbele ya mwenyeji wake, anatoa zawadi ya maji ya mwili wake, na muvi inakuachia muda wa kuielewa.

I, Robot ya 2004 ndiyo inayoniudhi kuliko zote, maana kama muvi ya mapigano ni nzuri tu. Mwanzo wake ni skripti iliyoitwa Hardwired, isiyohusiana na kitabu. Jina la mwandishi Isaac Asimov na Kanuni Tatu zinazowaongoza roboti wake vilikuja kuingizwa baadaye. Kitabu cha 1950 ni hadithi fupi tisa, na utamu wake uko kwenye jinsi kanuni zinavyogongana. Katika hadithi ya "Runaround", roboti aitwaye Speedy anatumwa kuchota seleniamu kwenye sayari ya Zebaki. Amri aliyopewa ni ya juujuu, kwa hiyo kanuni ya pili, ya kutii, inamvuta kidogo tu. Kwa kuwa ni wa bei ghali, kanuni ya tatu, ya kujilinda, imeongezewa nguvu. Akifika umbali fulani kutoka kwenye dimbwi, nguvu hizo mbili zinalingana, na Speedy anabaki kulizunguka akiropoka kama mlevi. Dawa? Binadamu mmoja anatoka kwenye jua kali na kujiweka hatarini, ili kanuni ya kwanza, isiyoruhusu binadamu kudhurika, izishinde nyingine zote.

Kwenye muvi hakuna fumbo la namna hiyo. Kuna kompyuta moja, VIKI, inayoamua kututawala kwa faida yetu, na jeshi la roboti mitaani. Ajabu ni kwamba wazo hilo limo katika hadithi ya mwisho ya kitabu, ila kule Mashine zinawasogeza wapinzani wao pembeni kimyakimya, bila risasi, na linatisha zaidi.

I Am Legend ya 2007 imekwama kwenye ile sheria yetu ya kwamba stelingi lazima awe shujaa. Kitabu cha Richard Matheson cha 1954 kinageuza meza: Neville, stelingi wake, amekuwa akiwaua mchana watu waliogeuzwa na ugonjwa kuwa wanyonya damu, wakiwa wamelala, na jamii mpya ya wagonjwa hao inapomkamata, anatambua kwamba kwao yeye ndiye zimwi la kusimuliwa. Jina la kitabu linatoka hapo. Muvi ya sinema inamlipua na bomu la mkono ili aokoe dunia. Muombe muuzaji toleo lenye mwisho mbadala, lililotoka kwenye DVD, ambamo kiongozi wao anakuja kumchukua mwenzake wa kike na Neville anamrudisha. Hilo angalau linakaribia kitabu.

The Time Machine ya 2002 iliongozwa na kitukuu wa H.G. Wells, na bado ugomvi wa matajiri na vibarua uliozaa Waeloi na Wamorlock, makundi mawili ya binadamu wa siku zijazo, umegeuzwa kuwa kilio cha mchumba aliyefariki. World War Z, kitabuni ni mahojiano ya manusura wa vita vya mazombi kutoka nchi nyingi. Kwenye muvi ni Brad Pitt anakimbia.

Usichukue za kutafsiriwa kwa Dune wala I, Robot. Mtafsiri kazi yake ni kuchangamsha kibanda umiza, kwa hiyo pale wanapojadili kanuni yeye anatia utani, na hicho kidogo kilichobaki cha kitabu kinafunikwa. World War Z chukua tu ya kutafsiriwa, hupotezi kitu.

Upande wa mafaili, Dune ya 2024 ya 4K huzidi GB 4, na flashi iliyoformatiwa kwa mfumo wa FAT32 haipokei faili moja la ukubwa huo. Ukiiformati kwa mfumo mwingine, exFAT, TV nyingi za zamani hazitaisoma. Omba ya 1080p iliyo chini ya GB 4. Faili la maandishi ya chini liwe na jina lilelile la muvi, tofauti iwe .srt mwishoni. Picha ikionekana bila sauti, mara nyingi sauti yake ni ya DTS, aina ambayo TV nyingi hazisomi. Mwambie akubadilishie yenye AAC kabla hujaondoka dukani.