Darasa la wazazi wa watoto wenye usonji, Ngamiani: tathmini ya mama mmoja

Kwa muda wa miezi mitatu nimehudhuria darasa la wazazi wa watoto wenye usonji linaloendeshwa na kituo kidogo cha binafsi hapa Ngamiani, Tanga, kila Jumatano saa tisa alasiri. Ninaandika kwa ajili ya mzazi wa Pongwe au Maweni anayejiuliza kama nauli na muda wake vitapotea bure. Havitapotea, ingawa yapo mambo mawili ambayo kituo hakina budi kuyarekebisha.

Mwanangu ana miaka minne. Alipotimiza miwili hakuwa na neno hata moja, akiitwa jina hageuki, na aliweza kukaa barazani asubuhi nzima akipanga vizibo vya soda katika mstari ulionyooka; kizibo kimoja kikisogezwa, kilio chake kilisikika mtaa wa pili. Wapo waliosema amedekezwa, wapo waliosema ana jini, na mimi mwenyewe, moyoni, niliamini kwamba kosa ni langu. Ndiyo maana sitaisahau siku ya kwanza, mwalimu alipotueleza kwamba usonji ni tofauti katika ukuaji wa ubongo, kwamba urithi una nafasi kubwa ndani yake, na kwamba hauletwi na malezi ya mama. Alitusimulia habari za daktari Leo Kanner, aliyeandika juu ya watoto 11 huko Marekani mwaka 1943, na jinsi ambavyo kwa miaka mingi baada ya hapo akina mama walishutumiwa kuwa hawana upendo, shutuma ambayo sayansi imekwisha kuitupilia mbali. Baba mmoja, mwanamume pekee tuliyekuwa naye, aliuliza kama ni kweli kwamba chanjo ya surua huleta usonji. Alijibiwa kwa upole kwamba makala ya mwaka 1998 iliyoizua hofu hiyo ilifutwa mwaka 2010 na jarida lenyewe lililoichapisha, na kwamba tafiti kubwa zilizofuata hazikuona uhusiano wowote.

Tulisisitiziwa pia tuwapime watoto masikio, kwa kuwa mtoto asiyesikia vizuri naye hageuki aitwapo, na tusimwamini mtu yeyote anayeuza dawa ya kuponya usonji.

Mafunzo yanafuata mpango wa Shirika la Afya Duniani kwa walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9 wenye matatizo ya ukuaji, wenye vikao tisa vya pamoja na ziara tatu za nyumbani. Kwa maoni yangu, ziara hizo ndizo roho ya huduma hii. Katika ziara ya kwanza mwalimu aliketi kwenye mkeka kando ya mwanangu, na kwa takriban robo saa hakumsemesha wala kumgusa, bali alipanga vizibo vyake sambamba na vya mtoto. Kisha akakishika kimoja kiganjani, akasubiri. Mtoto akautazama mkono, halafu, jambo ambalo nilikuwa nimelisubiri kwa miaka miwili, akautazama uso. Mimi siku zote nilikuwa nikimnyang'anya vizibo vile nikidhani ndivyo vinavyomharibu, kumbe vilikuwa mlango wa kuingilia.

Katika ziara ya pili tulipewa kadi yenye picha ya kikombe. Awali, akishikwa na kiu, mwanangu alikuwa akinivuta mkono na kulia hadi nikisie anachokitaka. Sasa tulitakiwa kumwelekeza aikabidhi kadi, na akiikabidhi tu, apewe maji papo hapo, pasipo kumlazimisha kutamka. Ilichukua wiki mbili za subira, na vilio vya mchana vimepungua sana.

Kasoro ya kwanza ni makaratasi. Mwalimu anafundisha kwa Kiswahili fasaha, lakini karatasi za kupeleka nyumbani zimeandikwa kwa Kiingereza, nami niliwaona wenzangu wakizikunja na kuzitia mkobani bila kuzisoma. Kasoro ya pili inaniuma zaidi: kila mtoto anaruhusiwa mlezi mmoja tu darasani. Mtoto wangu hushinda na bibi yake tangu asubuhi hadi nitokapo kazini, na siku nilipokwenda naye, mama yangu alirudishwa mlangoni. Naelewa kwamba chumba ni kidogo, lakini anayeshinda na mtoto ndiye anayehitaji mafunzo kuliko sote, na saa yenyewe ya alasiri imekwisha kuwafungia nje akina baba wengi.

Ilinibidi nimfundishe mama mwenyewe, jioni baada ya jioni, kwa kumbukumbu zangu. Kadi ya kikombe sasa huifunga kwenye pindo la khanga yake, na mjukuu amejifunza kulifungua fundo lile akitaka maji.