Ampu iliyoniunguzia spika kabla ya wimbo wa kwanza

Mimi si mtu wa kulalamikia maduka, lakini hili limenikaa kooni. Kazi yangu ni kukodisha muziki hapa Busia: harusi, matanga, mikutano ya kanisa. Juzijuzi nilikwenda Kampala kununua ampu kubwa, yaani mashine ya kuitia sauti nguvu kabla haijaenda kwenye spika, maana ile ya zamani ilikuwa ndogo kwa spika zangu. Ampu ndogo ikilazimishwa inakata vichwa vya mawimbi ya sauti, muziki unaanza kukwaruza, na twita, zile spika ndogo za sauti nyembamba, zinaungua. Kwa hiyo nilitaka yenye nguvu ya ziada, niifungie limita, kifaa cha kuzuia sauti isipite kiasi, isifike huko kabisa.

Dukani niliuliza swali moja tu: ina protekta ya DC, ile kinga ya kuzuia umeme wa upande mmoja usiobadilika (DC) usifike kwenye spika? Muuzaji akajibu, "Imo ndani, mama, usiwe na wasiwasi." Nikalipa.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa harusi upande wa Tororo. Jenereta iko sawa, wageni wanaketi, mikisa imewashwa, volyumu zote ziko chini. Ampu nikaiwasha mwisho, kama inavyotakiwa. Spika ya kushoto ikapiga puu! Kuangalia, koni imesukumwa mbele na imeganda hapo hapo, haitetemeki. Mpaka naifikia swichi, moshi unatoka kwenye tundu la boksi, na ile harufu ya koili, ule waya uliozungushwa unaosukuma koni, inayoungua imejaa hema lote. Hakuna hata wimbo mmoja uliokuwa umepigwa!

Nikairudisha. Yule muuzaji hakufungua hata skrubu moja. Akasema, "Mlifungulia sana." Nikamwambia twita ni nzima, iliyokufa ni besi peke yake, ile spika kubwa ya sauti nzito. Anayejua spika ataelewa uzito wa neno hilo. Twita ina kapasita, kifaa kidogo cha umeme, mbele yake, na kapasita haipitishi DC. Besi haina kinga hiyo, koili yake inapokea yote. Kama tungekuwa tumefungulia mpaka ampu ikakwaruza, twita ndiyo ingetangulia. Na limita nayo haiwezi kusaidia hapo, kwa sababu inakaa kabla ya ampu, na ubovu umetokea ndani ya ampu yenyewe.

Jibu lake, mbele ya wateja: "Mama, mambo ya wati ni ya wanaume. Mwambie bwana yako aje tuongee."

Mume wangu ni mwalimu. Hajawahi kufunga waya wa spika hata siku moja. Mabega yangu ndiyo yanayobeba yale maboksi, na pesa niliyolipa ilikuwa yangu. Nilitetemeka kwa hasira, nikachukua ampu yangu nikatoka.

Fundi wetu hapa Busia alifungua kifuniko mbele yangu. Kwenye ubao, alama ya mahali pa kukaa rilei, ile swichi ya protekta inayokata spika yenyewe, imechorwa vizuri kwa rangi nyeupe, na matundu yake yapo. Rilei yenyewe haipo. Wameunganisha kwa kipande cha waya, wakalehemu, basi. Transista, zile zinazosukuma umeme kwenda kwenye spika, za upande wa kushoto zilikuwa zimeshoti. Akaweka mita kwenye tundu la spika bila sauti yoyote kuingia: volti 60 na kitu, za DC. Pale panatakiwa pasomeke milivolti chache tu. Koili ya spika ya omu 8 kwenye mita husoma kama omu 6. Piga hesabu: volti 60 hapo ni wati 600 mfululizo, zote joto, na koni imeganda haipepei hata hewa ya kuipoza. Spika gani itavumilia hiyo?

Alibadilisha transista, akafunga kisaketi cha protekta chenye rilei. Sasa ukiwasha inasubiri sekunde kadhaa, ta! ndipo spika zinaunganishwa. DC ikitokea tena, rilei inakata.

Nilikuwa nimekusudia kuwaambia msinunue ampu hii kamwe. Lakini tangu itengenezwe, sijasikia besi safi namna hii, na hata katikati ya uwanja maneno ya mchungaji yanasikika yote. Ampu ni nzuri, siwezi kusema uongo. Mtu akitaka kununua, anunue, ila afunguliwe kifuniko aione rilei kwa macho yake kabla hajatoa pesa. Duka lile hapana! Pesa ya koni mpya nimetoa mfukoni mwangu, na mpaka leo hakuna aliyenipigia hata kusema pole.