Mtego wa nzi wa mfuko: uzoefu wangu na kondoo, Ng'apa, Lindi

Kwa wenye haraka: mtego huu unakamata nzi, tena wengi mno, lakini haumkingi kondoo mwenye kidonda. Ukiununua kwa kutegemea hilo la pili, fedha yako imekwenda. Naupa nyota tatu kati ya tano.

Ninaouzungumzia ni ule mfuko wa nailoni wenye kofia ya njano na unga wa chambo ndani. Unamimina maji mpaka kwenye mstari, unatundika, basi. Unga ukishalowa ukapigwa jua siku mbili tatu unaanza kunuka, na nzi wanaingia kwa matundu ya kofia. Kutoka ndiyo shida yao: nzi aliye ndani hufuata mwanga wa juu, na juu pamezibwa, anahangaika mpaka anachoka na kutumbukia majini. Niliuziwa elfu nane kwenye duka la dawa za mifugo mjini. "Kaka, tundika huu, nzi bandani utawasahau," aliniambia muuzaji. Maneno ya biashara.

Kondoo wangu ni hawa wetu wa nywele, wenye mkia wa mafuta. Nzi wa kijani, wale ambao funza wao hula ngozi ya kondoo, wanajulikana zaidi kwa kuwatesa kondoo wa sufu wa Australia, ambako hutaga kwenye sufu iliyolowa mkojo na kinyesi. Huku sufu hakuna, ila mkia mpana uliochafuliwa na kuharisha unawatosha. Na kuharisha kwa huku kwetu kuna msimu wake, msimu wa mabibo. Watu wanaokota korosho, mabibo yanabaki chini, kondoo wanayafakamia chini ya mikorosho mpaka matumbo yanawavimba, kesho yake wanaendesha. Inapofika Desemba mvua nazo zimeingia, kila kitu kimelowa, nzi wamezagaa.

Dalili ya kwanza ni kondoo kujitenga na wenzake, anapiga chini mguu wa nyuma na kugeuza shingo kama anayetaka kujiuma mkia. Mwaka jana jike mmoja alianza hivyo asubuhi. Nilipofunua mkia nikakuta mayai yamegandamana kwenye nywele zilizolowa, meupe, kama mchele uliosagika. Kwa joto la Lindi hayo hayamalizi siku kabla ya kuanguliwa. Nikanyoa pale, nikaosha, nikakausha, yakaishia hapo. Ukichelewa, funza wanaanza kula ngozi, jeraha linatoa majimaji, na ile harufu inawaita nzi wengine waje kutaga juu yake.

Mtego wenyewe sasa. Usiutundike mlangoni mwa banda hata kama muuzaji atakuambia hivyo, maana utakuwa unawakaribisha nzi kwa kondoo. Wangu uko kwenye mti hatua kama ishirini kutoka bandani, usawa wa kifua, upande ule upepo unakoelekea. Nzi hufuata harufu kwa kuukabili upepo, kwa hiyo anakutana na mtego kabla hajafika bandani, na nyie wa nyumbani mnapona na uvundo. Msimu wa kaskazi unapoanza ndipo upande huo unabadilika, hivyo nauhamisha. Uwe penye jua la kutosha. Chini ya mkorosho wenye kivuli kizito chambo kinachelewa kuiva. Jua nalo linakausha maji, lazima uongezee.

Niliumwaga wa kwanza ulipojaa ili nione nimekamata nini hasa. Wengi walikuwa nzi wa kawaida, wale wa jalalani na jikoni. Wa kijani walikuwemo, ila wachache kuliko nilivyotaka. Hapo ndipo nilipoupunguzia mtego nyota ya kwanza, maana nzi wa jikoni hana ugomvi na kondoo wangu.

Ndiyo maana pembeni nimeweka na mitego ya kujitengenezea. Chupa ya maji ya lita moja na nusu, unakata juu, unageuza shingo iingie ndani, chambo chini. Nimejaribu matumbo ya samaki kutoka sokoni, yanaita nzi wa kila aina. Maini yanaita wa kijani zaidi, na si ajabu: zamani Australia na Afrika Kusini mitego ya nzi hawa iliwekwa maini yaliyochanganywa na kemikali iitwayo sodiamu salfaidi. Siku hizi Australia wana mitego yenye kemikali za kuigiza harufu hiyo, na ushauri wao ni mtego mmoja kwa kila kondoo mia, uwekwe mapema msimu unapoanza, kabla nzi hawajazaliana. Hilo la mapema nimelichukua kama lilivyo. Natundika Novemba, mvua hazijakolea. Ukisubiri Januari unapambana na watoto na wajukuu zao.

Kwenye chupa weka maji ya kutosha yenye sabuni kidogo, nzi azame. Nyama ikibaki nje ya maji nzi watataga humo, funza watakua, watashuka ardhini na kutoka nzi wapya, na wewe utakuwa unawafugia. Kuna wanaoshauri kutia sukari. Mimi sitii, kwa sababu sukari inaita nyuki, na kwenye mikorosho nyuki nawahitaji.

Nyota ya pili imepotea kwa sababu nyingine. Mfuko ukiwa umejaa hadi shingoni, mwanakondoo wangu alioza kitovu. Funza walikuwa wamejichimbia ndani ya nyama vichwa chini, unaona mikia tu imebanana kwenye tundu la kidonda, kila mkia na vidoa vyeusi vya kupumulia. Bwana mifugo akaniambia huyo ni nzi mwingine. Hataki mzoga, hutaga kwenye kidonda cha mnyama aliye hai: kitovu kibichi, sikio lililokatwa alama, dume aliyehasiwa kwa kisu, hata palipoumwa na kupe. Nyama iliyooza huwezi kumwitia. Tuliwatoa kwa kibano mmoja mmoja, tukaosha kwa maji ya chumvi, akamchoma sindano ya ivermectini kwa kipimo cha uzito, tukamalizia na ile dawa ya kupuliza ya zambarau. Alipona, ila kwa siku kadhaa hakunyonya vizuri. Tangu hapo kila anayezaliwa anapakwa iodini kitovuni siku hiyohiyo, na kuhasi nafanya kiangazi.

Kero ndogondogo: nailoni inachanika jua likiizidi, kamba ni ya kuchekesha (nimebadilisha kwa waya), na chambo cha kujazia hakiuzwi peke yake, unanunua mfuko mzima upya. Mbwa wa jirani aliwahi kuuangusha, na mama watoto bado ananikumbusha harufu ya siku ile.

Pamoja na hayo nauendeleza. Nzi bandani wamepungua kwa macho, na mikia michafu ninayoikuta na mayai ni michache kuliko misimu ya nyuma, ingawa sehemu ya sifa hiyo ni ya kunyoa mikia na kuwazuia kondoo wasishinde kwenye mabibo. Mwenye kondoo wawili watatu atengeneze chupa tu. Mwenye zizi kubwa, au aliye karibu na machinjio, mfuko utamlipa.

Wa sasa umeshajaa. Jioni naufukia kwenye shimo refu mbali na kisima, na mwingine nimemwagiza kijana wa bodaboda anayeshuka mjini, pamoja na chupa ya iodini.