Fundi wa waya wa Molo anayepima kwanza: nyota nne, ya tano nitawaambia imeenda wapi

Kama uko Molo, Turi, Elburgon ama hata huko Mau Summit na gari inakataa kuwaka asubuhi, huyu kijana muite. Duka la maana hana, ni kibanda cha mabati na pikipiki, anakufuata nyumbani na sanduku la spana na mita ya kupima umeme, na mimi nikisema ukweli pesa yangu nililipia hiyo mita na subira yake, spana wako nazo wengi.

Gari yangu ni Probox ya petroli, nabeba maziwa, saa kumi na moja asubuhi lazima niwe barabarani. Sasa Molo si unaijua, tuko karibu mita 2,500 juu ya bahari na ikifika Juni, Julai hivi, asubuhi kioo kimejaa umande na vidole havisikii. Ukipiga stata injini inazunguka pole pole, nguu, nguu, halafu kimya. Lakini saa nne jua likishatoka unapiga mara moja inawaka kama haikuwa na shida. Na jirani akinijampia, yaani akiniunganishia waya kutoka betri ya gari yake, inawaka papo hapo, kwa hivyo kila mtu akasema betri imeisha, hakuna haja ya kufungua macho zaidi. Fundi mmoja wa hapa mjini akasema hapana, ni stata, lete elfu nane nikutafutie nyingine. Hakupima kitu, aliinama tu akasikiliza.

Huyu wa pikipiki nilipompigia alikataa kuja mchana. Akaniambia, "Mathe, gari ikiwa na joto itanidanganya, nitakuja ikiwa baridi vile imelala, usiiguse." Na akaja kweli, giza bado liko, amejifunga marvin mpaka macho.

Kabla afungue bonneti aliniuliza swali ambalo hakuna mtu alikuwa ameniuliza, ati jirani akijampa ile waya nyeusi huwa anaibana wapi, kwa betri ama kwa chuma ya injini? Nikamwambia kwa chuma ya injini, ndio vile anapenda. Akacheka kidogo akasema sawa, tuone.

Kwanza akapima betri ikiwa imelala tu, ikasoma volti 12.5. Alinieleza betri iliyojaa inasoma kama 12.6, ikiwa 12.2 iko nusu, ikishuka chini ya 12 hiyo haina kitu, uichaji kwanza kabla uilaumu. Halafu akaniambia nipige stata yeye akiwa ameshikilia mita kwa vichwa vya betri, ikashuka mpaka 10.9 na kukaa hapo. Ikienda chini ya 9.6 ndio unaanza kushuku betri. Yangu haikuwa na makosa! Mtu alikuwa karibu aniuzie nyingine.

Hapo sasa ndio kazi tamu ilianza. Akaweka waya moja ya mita kwa kichwa cha hasi cha betri na ile ingine akagusa chuma ya injini, nikapiga tena, mita ikaonyesha karibu volti 2. Hapo haifai kupita nusu volti, maana hiyo ni njia tu ya umeme kurudi, volti zikionekana hapo zinapotea njiani kabla stata ifaidi. Akafungua ile kebo nyeusi, kwa nje ni safi kabisa, akapasua plastiki na kisu, ndani shaba yote imekuwa unga wa kijani. Ndio maana jampa ilikuwa inasaidia, waya ya jirani ilikuwa inaruka hiyo kebo mbovu, betri yake haikuwa na maajabu yoyote.

Nikamuuliza sasa mbona mchana inawaka. Jibu lake nimelipenda: usiku oili inakuwa nzito kama uji uliolala, stata inavuta ampi nyingi zaidi ndio izungushe injini, na kebo mbovu ukiivutia ampi nyingi ndio inapoteza nyingi. Jua likitoka oili inalegea, ampi zinapungua, kebo inajikaza. Akaangalia kikaratasi cha oili, ni 20W-50, akaniambia nikibadilisha next nirudi kwa 5W-30 vile kitabu cha gari kinasema, hiyo namba ya kabla ya W ikiwa ndogo oili inapita haraka kwa baridi. Na oili yeye hauzi, nimeona niseme hiyo.

Alipoweka kebo mpya na kukwangua rangi pale inafungwa kwa bodi, iliwaka kabla nimalize kugeuza ufunguo. Akapima na chaji ya altaneta, 14.1, akasema iko sawa. Jumla elfu mbili na mia nane, kebo ndani.

Jirani mwenyewe ana Hiace ya dizeli, akaona aulize. Huyo alikuwa anapuliza ile dawa ya kopo ya kulazimisha injini iwake kwa filta ya hewa kila asubuhi. Kijana akamwambia, "Mzee, wacha hiyo, zile hita ndogo za ndani ya injini zikiwa moto inaweza kulipuka ikupasulie injini." Dizeli haina cheche ya plagi, inategemea joto la hewa iliyobanwa, baridi ikizidi hita ndio zinaokoa. Akazipima moja moja, mbili zimekatika.

Mabaya? Risiti hakuna, garanti ni ya mdomo, na M-Pesa yake inatoka na jina lingine kabisa kwa hivyo thibitisha naye kabla utume. Anaongea siasa bila breki. Hiyo nyota moja nimeikatia risiti, siasa nimevumilia. Na Jumamosi usijisumbue, ni Msabato, simu imezimwa kutoka Ijumaa jioni.