Mwani mkavu kwa mwenye vijiwe vya nyongo: nori tupu naipa alama zote

Nina vijiwe kwenye kifuko cha nyongo, na tangu daktari aniambie nipunguze mafuta, kilichonikera zaidi ni chakula kukosa ladha. Nori, ule mwani mkavu wa karatasi nyembamba nyeusi, usioongezwa kitu chochote, umenipunguzia kero hiyo. Nauvunjavunja juu ya wali, au nautia kwenye supu ya mboga inapokaribia kuepuliwa, na ladha yake ya bahari inatosha hata siagi siikumbuki. Mafuta yake ni kidogo mno. Kwangu hilo ndilo kubwa, kwani mafuta ndiyo hukifanya kifuko kijikamue, na kijiwe kikiziba njia wakati huo, maumivu ya chini ya mbavu za kulia hayasimuliki.

Zile pakiti ndogo za mwani wa kutafuna hivihivi sizishauri. Nyingi hupakwa mafuta. Geuza pakiti usome kiasi cha mafuta kwa kila gramu 100, utajua kwa nini vidole vinang'aa ukishazishika.

Pakiti yangu ya mwisho ilikuja na kikaratasi kinachodai kuwa mwani "huyeyusha mawe". Mwani ulikuwa mzuri, lakini kwa hilo muuzaji nimemkata alama. Ni kweli mwani una nyuzinyuzi zinazoshikana na asidi za nyongo ndani ya utumbo na kutoka nazo, ini likalazimika kutumia kolesteroli kutengeneza nyingine. Kijiwe kilichokwisha kuganda ni jambo tofauti, hakiondoki kwa kula mwani. Mgonjwa akikiamini kikaratasi hicho akapuuza homa au macho ya manjano, anaweza kupoteza maisha. Hilo linaniuma sana.

Kombu, mwani mwingine mnene wa kupikia supu, siinunui. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 hivi za madini joto kwa siku, na gramu moja tu ya kombu kavu inaweza kuzidi 2,000. Wingi huo huivuruga tezi ya shingo. Nori ina kiasi kidogo zaidi. Hijiki, aina nyingine ya mwani, ina aseniki, ambayo ni sumu, kwa hiyo iache dukani. Na anayemeza warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, azungumze na daktari kwanza, maana vitamini K iliyomo kwenye mwani hupunguza nguvu ya dawa hiyo.

Ukinunua nori, chagua pakiti inayofungika tena. Ikipata unyevu inakuwa ngumu kutafuna kama ngozi.