Moshi umeisha, kengele imelia: nimeijaribu kwenye jiko la mkaa

Haya wakuu, karibuni. Kengele ya leo siyo ile ya kubonyeza hapo chini, ni hii hapa mkononi mwangu: kengele ya kaboni monoksaidi, ile gesi ya sumu inayotoka kwenye mkaa unaowaka. Nimeitoa Kariakoo, muuzaji alianzia 90,000, tukamalizana 70,000. Betri hamna humo, unajinunulia mwenyewe.

Najua utasema, Dar na joto lote hili, nani analala na jiko ndani? Na mimi nilikuwa nasema hivyohivyo. Sasa subiri masika. Hapa tulipopanga Sinza tunapikia kibarazani nyuma. Mvua ikija na upepo, kila mtu anaingiza jiko chumbani na dirisha anafunga, maana maji yanarushwa mpaka kitandani. Jirani yangu Mama Zai ana utaratibu wake: anawashia nje, anapepea mpaka mkaa wote uwe mwekundu, ndipo anaingia nalo na sufuria la maharage. "Si moshi umeisha, mwanangu?"

Umeisha kweli. Ila hii gesi siyo moshi, mama. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho, na mkaa ulioshika vizuri unaitoa vilevile kwa wingi. Ukiivuta inang'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kichwa kinagonga, kizunguzungu, kichefuchefu, mtu anasema malaria. Malaria gani hiyo haina homa, inawashika wote chumbani kwa pamoja, halafu mkitoka nje mnapata nafuu?

Twende kwenye jaribio. Nimetumia stoo ya uani, haina mtu wala kuku. Jiko moja, mkaa umeshika, hauna moshi hata wa dawa. Kengele nimeitundika ukutani upande wa pili, mlango nikafunga, na mimi niko nje navuta picha kwa simu kupitia kioo. Msiingie kujaribu hiki kitu, tafadhali.

Dakika ya 5 inasoma 38. Hizo ni sehemu za gesi hiyo katika kila sehemu milioni za hewa. Dakika ya 10, 96, na kengele kimya. Hapo nilianza kuona nimepigwa. Dakika ya 18 imefika 210, ndipo ikapiga kelele mpaka mbwa wa jirani akaitikia. Kumbe siyo ubovu. Kengele za kiwango cha Ulaya, EN 50291, zimepangiwa hivyo: kwenye 100 zilie kati ya dakika ya 10 na ya 40, kwenye 300 zilie ndani ya dakika 3. Zinahesabu kiwango pamoja na muda.

Nikafungua dirisha tu, namba ikashuka kwa kujivuta, ikagoma juu ya 100. Nilipofungua na mlango, hewa ikapita, ndipo ikaporomoka.

Nisichokipenda: chini ya 30 inaandika sifuri. Wakati Shirika la Afya Duniani linataka wastani wa saa 8 usizidi kama 9 hivi. Kwa hiyo sifuri ya hapa usiiamini sana. Pia kile kitufe cha kujaribia kinapima mlio na betri, hakipimi kama kihisio bado kinanusa. Angalia tarehe ya mwisho nyuma ya kengele kabla hujatoa hela, maana kihisio kinazeeka hata kama hujawahi kuitundika.

Na wa mitungi: gesi ikivuja, hii haina habari. Hiyo inataka kengele yake, inayowekwa chini karibu na sakafu kwa sababu gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ila ukiona moto wa njano na masizi chini ya sufuria, gesi haiungui vizuri na inatoa kaboni monoksaidi, hapo hii inakuhusu.

Ninunue au nisinunue? Wewe wa duka lenye jenereta kwenye ngazi, nunua leo, na jenereta litoe nje mbali na madirisha. Wewe unayepikia mkaa chumbani, hiyo 70,000 kanunue mabati, mchangishane na wapangaji wenzako, mpige kibanda uani. Mama Zai ameshasema atatoa miti.

Mmesikia huo mlio mmoja? Siyo gesi, ni betri inaisha. Wiki mbili tu! Ngoja nikamwone Mangi wa dukani kabla hajafunga.